Orodha Mbili za Wastaafu
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nilipokuwa kidato cha kwanza hapa, mwalimu wa hisabati alichora ubaoni maduara mawili yanayoingiliana, akasema hizo ni seti. Sisi wa viti vya nyuma tukanong'onezana: yatatufaa nini haya? Leo nimekuja kujibu swali letu.

Mwaka 1970 Edgar Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alitoa makala akipendekeza kwamba kumbukumbu za kompyuta zipangwe kwa majedwali, na kila jedwali lichukuliwe kuwa ni seti ya mistari. Kwa hiyo majibu mawili ya kompyuta huweza kuunganishwa kama yale maduara. Amri ya UNION hutoa mistari iliyomo katika orodha yoyote kati ya hizo mbili. INTERSECT, iliyomo katika zote mbili. EXCEPT, iliyomo katika ya kwanza na haimo katika ya pili. Sharti ni kwamba safu za orodha hizo ziwe sawa kwa idadi, na zilingane kwa mpangilio na kwa aina ya taarifa. Na kwa kuwa seti haihesabu kitu kimoja mara mbili, mistari inayofanana kabisa huwa mmoja.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa orodha mbili za wastaafu, kutoka ofisi mbili, niziunganishe ili walipwe pensheni. Nilichukua jina, wilaya na kiasi, nikatumia UNION, nikajisifu kwamba hakuna atakayelipwa mara mbili. Mwisho wa mwezi akaja mzee mmoja na karatasi zake katika mfuko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mwezi huu mmenisahau."

Nikatazama: jina lipo, limelipwa. Kumbe aliyelipwa ni mzee mwingine, wa jina lilelile na wilaya ileile, na pensheni yao ililingana hadi senti. Watu wawili, mstari mmoja. Kompyuta haikukosea; mimi ndiye niliyeacha namba zao za pensheni, yaani kile kilichowatofautisha.

Je, ningetumia UNION ALL, ambayo haifuti marudio? La, maana aliyemo katika orodha zote mbili angelipwa mara mbili. Na namba pekee haitoshi ukiiweka pamoja na jina: likiandikwa "Athumani" huku na "Athuman" kule, mtu mmoja atakuwa mistari miwili. Siku hizi naunganisha namba kwanza, majina baadaye. Kisha natumia EXCEPT kuuliza: ni namba zipi zilizomo katika orodha za awali, nazo hazimo katika orodha ya malipo? Kila namba inayojitokeza naitafutia sababu kabla ya kutia sahihi.

Mzee yule alilipwa haki yake, lakini mwezi ule alikula kwa kukopa dukani. Wadogo zangu, mtakapokabidhiwa orodha za watu, ulizeni kwanza ni nini kinachomtenga huyu na mwenziwe. Na yale maduara ya ubaoni msiyadharau.