SHIDA YA NYUMBANI USIIFICHE KAZINI

(Maneno haya yalisemwa na mzee mmoja wa chama, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo bandarini Mombasa, mbele ya wanachama wa tawi. Tunayachapa kwa faida ya wale ambao siku hiyo walikuwa zamu.)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya kazi na nyumba, na jinsi ya kuvumilia taabu za kila siku. Mimi si mwalimu wala si daktari. Nimebeba magunia na kufunga minyororo ya winchi mpaka nywele zikawa nyeupe. Basi nitawaambia yaliyonipata mimi mwenyewe, kisha kila mtu achukue linalomfaa.

Nyumbani kwangu ni Taita, upande wa Wundanyi. Mke wangu alikaa huko na watoto na shamba, nami nikapanga chumba Changamwe pamoja na wenzangu wawili. Wengi wenu mnaishi hivyo hivyo, nyumba mbili na mshahara mmoja. Jambo hili halikuanza kwetu. Zamani za serikali ya kikoloni mshahara wa chini wa Mwafrika ulipimwa kwa mwanamume mmoja peke yake, kana kwamba hana mke wala mtoto. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter iliandika wazi kwamba mshahara wa namna hiyo hautoshi, na kwamba mfanya kazi apaswa kulipwa kwa kadiri ya kumwezesha kutunza jamaa yake. Vyama vya wafanya kazi vimelipigania jambo hilo tangu siku zile, na hata leo hatujamaliza.

Sasa sikilizeni kisa changu. Ilikuwa wakati wa masika, zamani kabla ya simu za mkono. Nilikuwa zamu ya usiku. Jioni utingo wa basi alinipa habari kutoka nyumbani: mtoto wetu wa pili ana homa kali, amepelekwa hospitali, njoo upesi. Nilikwenda kazini, nikasimama karibu na nyapara, nikataka kusema. Maneno hayakutoka. Niliona haya. Nilidhani atasema, “Ninyi watu wa bara kila siku mna mgonjwa.” Basi saa nne ya usiku nikatoka kimya kimya, sikuaga mtu, nikapanda gari la kwanza la kwenda Voi.

Mtoto alipona, tumshukuru Mungu. Nilirudi Mombasa siku ya tano na kukuta barua inaningoja: nieleze kwa nini nisifukuzwe. Hapo nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nikasema nilikuwa mgonjwa mimi. Wakaniuliza, “Cheti cha daktari kiko wapi?” Sikuwa nacho. Uwongo una miguu mifupi, ndugu zangu. Nikapewa onyo la mwisho na kukatwa mshahara wa siku zile.

Mwakilishi wetu wa chama alinisimamia siku ile, nami nikaponea chupuchupu. Tulipotoka nje aliniambia maneno ambayo sijayasahau: “Bwana, kama ungaliniambia jioni ile, ningalikwenda nawe kwa nyapara, ungalipata ruhusa kwa dakika kumi. Mtoto mgonjwa si aibu. Wewe umeigeuza bahati mbaya kuwa kosa.”

Hayo yalikuwa ya kazini. Ya nyumbani yalikuwa mabaya zaidi. Kwa sababu ya mshahara kukatwa nilikopa kwa mtu wa riba, na mke wangu sikumwambia. Mwezi wa pili nikakopa tena ili nilipe deni la kwanza. Fedha za nyumbani zikapungua, nami nikaandika barua kusema kwamba kazi imekuwa haba. Mwezi wa nne sikuandika kabisa. Nilipopata likizo nikaenda nyumbani, na mtoto wangu mdogo aliponiona mlangoni akakimbia kujificha nyuma ya bibi yake, akauliza, “Mgeni huyu ni nani?”

Usiku ule nikamwambia mke wangu kila kitu. Nilingoja anikaripie. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Baba watoto, mimi si mgeni wa nyumba hii. Njaa naijua, naweza kuipikia. Lakini kunyamaza kwako siwezi kukupikia.” Asubuhi akaleta daftari ya shule ya mtoto. Tukaandika deni, karo, chumvi, mafuta ya taa, nauli. Akasema mbuzi wawili wauzwe. Nikaacha sigara. Kwa miezi saba tukalimaliza deni lile. Na tangu siku ile, kila mwisho wa mwezi barua ilikwenda nyumbani, hata kama ndani yake hamna noti.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Taabu za kila siku hazitakwisha: mtoto ataugua, mvua itabomoa jiko, zamu itabadilishwa siku ya harusi ya ndugu yako. Taabu kama hizo ukizisema mapema huwa nyepesi. Ukizificha huzaa nyingine. Basi ziko sehemu tatu za kusema.

Kwanza, sema kazini. Toa habari kabla hujaondoka, au ukishindwa, tuma mtu mara moja. Kutoka kazini bila ruhusa na bila sababu ya haki ni moja katika makosa makubwa ambayo Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamruhusu mwajiri kumfukuza mtu papo hapo. Lakini sheria hiyo hiyo yamlazimisha kwanza akueleze kosa lako kwa lugha unayoielewa, na kukusikiliza ukiwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama. Usiingie peke yako katika chumba hicho.

Mnapaswa pia kujua haki zenu, kwa maana asiyejua haki yake huiomba kama sadaka. Kila aliyetimiza miezi 12 ya kazi ana likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mshahara kamili. Katika kila siku 7 kuna siku moja ya kupumzika, isipungue. Mama aliyejifungua ana miezi 3 kwa mshahara kamili, na akirudi apewe kazi yake ile ile au nyingine isiyo duni. Baba ana majuma 2, naye kwa mshahara kamili. Aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo akiugua, ana siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika kila mwaka wa kazi, mradi atoe habari upesi na alete cheti cha daktari.

Mtaniuliza, “Na msiba je? Na mtoto mgonjwa je?” Swali jema. Sheria ile haikuweka likizo ya msiba wala ya kuuguza. Hayo hupatikana katika makubaliano ya pamoja baina ya chama na mwajiri. Basi mtu akiuliza faida ya ada ya chama, mjibuni hivyo. Na ninyi wenyewe mwombeni katibu awasomee makubaliano yenu, mjue yamewapa siku ngapi. Kama hayakuwapa, lileteni jambo hilo mkutanoni kabla ya mazungumzo mengine kuanza.

Pili, sema kwa chama na kwa wenzako. Dada mmoja wa kiwanda cha nguo alificha mimba yake kwa kamba na leso, akiogopa kupoteza kazi, mpaka akaanguka kwenye cherehani. Mtoto aliokoka, lakini nusura tuwapoteze wote wawili. Hakuna aliyemwambia mapema kwamba kumfukuza mwanamke kwa ajili ya mimba ni kinyume cha sheria. Wenzake waliomkalia karibu kila siku hawakumwuliza neno. Lawama hiyo ni yetu sote. Ukimwona mwenzako amebadilika, hali chakula, hasemi, amechelewa siku tatu, usimcheke. Mwulize, “Ndugu, kuna nini nyumbani?”

Tatu, sema nyumbani. Mke au mume ajue mshahara wako ni kiasi gani, na ajue deni. Sheria yakataza makato yote kupita theluthi mbili ya mshahara, ili mtu asirudi nyumbani mikono mitupu. Lakini mikopo ya simu haimo katika hati ya mshahara, wala karani haioni. Huko hakuna wa kukulinda ila wewe na mwenzako wa nyumbani. Vijana, sikieni: mkopo wa kulipia mkopo ni shimo. Mimi nilishuka humo, najua giza lake.

Wale wa zamu, bandikeni ukutani karatasi ya zamu zenu, ili watoto wajue siku gani baba au mama amelala mchana na siku gani yuko nao. Mtu aliyetoka kazini alfajiri hana ubaya akiomba kimya. Ana ubaya akipiga mtoto kwa sababu hakueleza. Na mkipata likizo, itumieni kwa likizo. Nawajua wengi wanaoitumia kutafuta kibarua kingine. Fedha ile hula siku ambazo mtoto wako hatazipata tena.

Mtoto wangu yule aliyeniita mgeni sasa ni mtu mzima, ana watoto wake. Mwaka uliopita aliniambia kwamba halikumbuki neno lile. Mimi nalikumbuka. Nimelichukua miaka yote hii, na ndilo lililonileta mbele yenu leo, ili kijana mmoja aliyeketi hapa na barua ya deni mfukoni aende nayo nyumbani jioni hii akaisome pamoja na mkewe.

Umoja ni nguvu, na uanze nyumbani.