Jina la Mtoto na Hukumu za Watu

Hotuba kwa wazazi na waalimu, Kilakala



Katika siku hizi za Jubilei ya Jimbo letu tumeombwa tuseme neno juu ya majina ya watoto. Labda wengine watadhani ni jambo dogo, lisilostahili siku kubwa. Lakini sisi makatekista, tunaoandika watoto waletwao kwa ubatizo, twajua ya kuwa ni mambo machache ambayo jamaa hushindana juu yake kama hili. Baba husema, jina hili ni la ushamba. Bibi hujibu, na lile ni la Kizungu, halina mtu katika ukoo wetu. Shangazi hunong'ona, la tatu ni la Kiislamu. Na mtoto mwenyewe amelala mgongoni mwa mama, wala hajui kwamba amekwisha kuhukumiwa kabla hajaota meno.

Basi twauliza: je, jina laweza kutuambia mtu ni wa kabila gani, wa dini gani, na wa tabia gani? Hatusemi kwamba jina halina habari yo yote. Ukisikia Rwegasira utafikiri Buhaya. Ukisikia Mushi utafikiri Kilimanjaro. Mwakyusa atakupeleka Rungwe, na Masanja Usukumani. Si kosa kufikiri hivyo. Kosa huanza pale tunapofunga hesabu: huyu ni wa huko, basi ni mwenye kiburi, huyu ni wa kule, basi ni mchoyo. Hapo hatumsikilizi mtu tena. Twasikiliza sauti ya jina tu.

Tuanze nyumbani kwetu. Mluguru, tangu zamani, ni mtu wa lukolo, yaani ukoo wa mama yake. Ardhi ya ukoo na matambiko yake vilifuata upande huo. Sasa tazameni daftari ya shule. Mtoto huandikwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Ukoo wa mama, ambao kwa desturi ndio wake, haumo kabisa. Basi mtu asomaye majina matatu akajisifu, "Huyu namjua atokako," amebisha hodi nyumba moja, kumbe mtoto ni wa nyumba nyingine. Kama jina haliwezi kumweleza Mluguru kwa Mluguru mwenzake, litawezaje kumweleza mgeni aliyetoka mbali?

Tena yako majina yasiyo ya mtu bali ya kiti. Huko Kinole, kila arithiye kiti cha Kingalu huitwa Kingalu. Jina ni lile lile, lakini watu ni mbalimbali, na kila mmoja hukumbukwa kwa matendo yake. Jina amelikuta, sifa ameifanya mwenyewe.

Tuje kwenye dini. Watu wakisikia Hamisi, mara husema ni Mwislamu. Lakini jina hilo maana yake ni Alhamisi tu, kama Juma ni Ijumaa, na Chausiku ni binti aliyezaliwa usiku. Na Daudi, Musa, Yusufu na Mariamu ni wa nani? Wakristo na Waislamu pia huwaita watoto wao hivyo. Katika milima yetu ukoo mmoja waweza kuwa na mjomba aendaye msikitini na mpwa aendaye kanisani, nao hulia katika msiba mmoja na kula chungu kimoja. Wakitenganishwa kwa sababu ya majina, ni nani atakayefaidika?

Wengine hudhani kwamba jina la nyumbani ni mzigo wa upagani, tena kwamba jina la ubatizo ni jina la Ulaya. Yote mawili si kweli. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua, maana alizaliwa siku ya mvua kubwa. Alibatizwa mwaka 1943 akaitwa Julius, lakini jina la Kambarage hakulitupa, na taifa zima lilimwita kwa majina yote mawili. Hata Maaskofu wetu waliozaliwa nchi hii, Adriani Mkoba na Telesphor Mkude, walichukua jina la Kanisa la zamani pamoja na jina la wazee wao, wala majina hayo hayakugombana.

Sheria ya Kanisa nayo ni pole kuliko wengi wadhanivyo. Sheria ya mwaka 1917 ilimwagiza padre ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo. Na wazazi wasipokubali, aongeze jina la mtakatifu juu ya lile walilolitaka, na yote mawili yaandikwe kitabuni. Sheria ya mwaka 1983 yataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba mtoto asipewe jina lililo kinyume cha fikira za Kikristo. Haikusema jina liwe la Kizungu.

Tena tukumbuke Misioni zetu zilianza na watu gani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaja Mhonda mwaka 1877, na Morogoro mwaka 1882, hata likafanywa Jimbo mwaka 1953. Katika Wakristo wa kwanza wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Pwani siku zile watumwa waliitwa Mabruki, Baraka, Feruzi, Almasi: majina ya baraka na ya vito, waliyopewa na watu waliowanunua kwa fedha. Jina zuri halikumwondolea mtu mnyororo shingoni.

Wa namna hiyo alikuwa binti mmoja wa Darfur, nchi ya Sudani. Alitekwa angali mdogo, akateswa hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka walimwita Bakhita, yaani mwenye bahati. Jina la dhihaka! Mwaka 1890 alibatizwa huko Italia akaitwa Yosefina. Lakini jina la Bakhita alibaki nalo, na mwaka 2000 alitangazwa mtakatifu kwa jina hilo hilo. Leo wazazi wa makabila mengi humwita binti yao Bakhita kwa furaha. Lililomgeuza jina hilo ni maisha ya mwenyewe.

Na Kizito je? Ni jina la Kiganda. Kijana yule alibatizwa na Karoli Lwanga siku chache kabla ya kuuawa Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Tangu alipotangazwa mtakatifu pamoja na wenzake mwaka 1964, jina lake limeenea nchi nyingi. Mluguru akimwita mwanawe Kizito hakuna amwitaye Mganda. Jina la kabila moja limekuwa la wote.

Sasa, wazazi, twawaomba jambo moja. Mnapochagua jina, jueni maana yake na sababu yake, mpate kumwambia mtoto atakapouliza. Kama ni la babu, msimulieni habari za babu. Kama ni la mtakatifu, msimulieni maisha yake. Na kama mliona taabu siku za kuzaliwa kwake, fikirini kwanza kabla ya kumwita Tabu au Shida, maana taabu ile itapita, naye atalichukua jina hata uzee.

Nanyi waalimu, mzigo wenu ni mkubwa zaidi. Tangu reli ilipofika Morogoro mwaka 1907 watu wa kila upande wamefika hapa. Shule ya wasichana ya hapa Kilakala, ambayo zamani iliitwa Marian College chini ya Masista wa Maryknoll, imepokea mabinti wa mikoa mingi. Mnapoita majina asubuhi, darasa zima husikiliza sauti yenu. Mwalimu akicheka jina, watoto arobaini watalicheka mwaka mzima. Utani una mahali pake, kati ya watani walio sawa. Lakini mtoto hana ruhusa ya kumtania mwalimu wake, basi huo si utani, ni kumwonea. Tumewaona watoto wanaoficha jina la nyumbani, na mtoto afichaye jina lake hujifunza kumficha na mama yake. Jina likiwa gumu, mwulizeni mwenyewe jinsi litamkwavyo, mkalitamke vema.

Wazee walisema, jina jema hung'aa gizani. Hawakusema jina la kabila fulani, wala la dini fulani. Walisema jema, na wema wa jina hauandikwi siku ya kuzaliwa wala siku ya ubatizo. Huandikwa na mwenyewe, polepole, naye huhitaji watu watakaomngojea amalize kuandika.