Kutu Katika Mashine ya Kuoshea Magari



Malori yanayopita njia panda ya Makambako huwapatia wengi riziki ya kuosha magari. Mtaji wao ni mashine ya maji ya shinikizo, na adui wake ni kutu.

Kutu ya hatari huanzia ndani, katika maji na sabuni vinavyobaki kwenye pampu. Kila jioni pitisheni maji safi, ondoeni mpira wa kuingizia maji, kisha iwasheni mashine kwa sekunde chache tu ili yaliyobaki yatoke. Majira ya baridi, Juni na Julai, ihifadhini ndani. Maji yakiganda huweza kupasua pampu.

Viungio vilivyoliwa na kutu visipakwe rangi, vibadilishwe. Mpira ukichomoka huumiza, na maji ya shinikizo huweza kupenya ngozi. Aliyepigwa afike hospitali mara moja, hata kidonda kikiwa kidogo.

Mnunuapo mashine iliyotumika, msidanganywe na rangi mpya. Fungueni kichujio cha maji, tazameni kama kina chembe za kutu, ijaribuni, kisha daini risiti. Hiyo ndiyo ushahidi wenu mtakapolalamika.