Kazi na Ujuzi wa Mbunifu wa Bidhaa Kaskazini Mashariki: Hoja ya Mtungi wa Maziwa

 Katika warsha hii nimeombwa nizungumzie nafasi za kazi kwa mbunifu wa bidhaa na mbunifu wa matangazo, na ujuzi wanaohitaji. Niseme mapema kwamba maoni haya ni yangu kama mkufunzi, wala si msimamo wa taasisi inayonilipa mshahara.

Kwenye fasili sitakawia. Mbunifu wa bidhaa huamua umbo, kipimo na malighafi ya kitu kitakachotengenezwa kwa wingi: kiti, jiko, ndoo. Mbunifu wa matangazo hushughulikia kinachosomwa: nembo, lebo, bango, pakiti. Hayo mnayajua.

Soko la huyu wa pili halina fumbo. Hapa Buna, Wajir, kuna mabango ya bucha na maduka ya dawa, beji za shule, kadi za arusi, na uchaguzi wa 2027 ukikaribia hata migunga itavikwa picha za wagombea. Kijana mwenye simu nzuri na programu kama Canva hakosi chochote. Ila ajue kwamba kila mwenye simu ni mshindani wake, na mgombea akishashindwa hapokei simu ya anayemdai. Atakayedumu ni yule anayeandika Kisomali, Kiborana na Kiswahili bila makosa, na anayejua lebo ya chakula inatakiwa kusema nini. Hapo panatosha.

Mbunifu wa bidhaa ndiye mwenye hoja ndefu, na mwenyekiti wa kikao ataniwia radhi kwa muda nitakaochukua.

Wajir ni miongoni mwa kaunti zenye ngamia wengi zaidi nchini. Maziwa hutoka malishoni alfajiri, hufikishwa barabarani kwa punda au bodaboda, kisha hupandishwa juu ya basi. Husafiri ndani ya mitungi ya plastiki iliyokuja na mafuta ya kupikia. Chukueni mtungi mmoja muutazame. Mdomo ni mwembamba, mkono hauingii. Mpini una uwazi ndani, na humo maziwa ya jana huganda yasitoke. Mama hutia maji ya moto na changarawe, hutikisa, humwaga, hunusa, hurudia. Kuufukiza moshi kama ilivyo desturi ni shida, kwa sababu kijinga kikigusa plastiki, mtungi umekwisha. Maziwa yanafika sokoni yameanza kuchacha, na bei inaporomoka mbele ya macho yake.

Bodi ya Maziwa ya Kenya inataka vyombo vya alumini au chuma kisichoshika kutu. Kiafya ina haki, sibishani nayo. Lakini muulizeni mama kwa nini hauachi mtungi. Nimeuliza kwa miaka na majibu hayabadiliki. Mtungi ni mwepesi. Ubavu wake ni bapa, kamba inaushika vizuri mgongoni mwa punda, ilhali mkebe wa mviringo huzunguka na kuteleza. Kifuniko hukazwa kwa kuzungushwa, basi likirukaruka kwenye mashimo hakimwagi. Mtungi mtupu hurudishwa na utingo bila nauli. Ukipotea, si msiba. Mkebe wa chuma ukipotea, umekwenda na faida ya wiki kadhaa.

Miaka iliyopita shirika moja, sitalitaja, liligawa mikebe ya alumini katika eneo letu. Mikebe mizuri, inang'aa. Leo ukiingia majumbani utaikuta ina unga, ina sukari, na mmoja nimeuona umehifadhi vyeti vya shule. Ripoti ya mradi ilihesabu mikebe iliyogawiwa, na kwa hesabu hiyo mradi ulifaulu. Hakuna aliyeuliza itafungwaje kwa kamba. Hakuna aliyekwenda kutazama ngamia akikamwa: mkamaji husimama kwa mguu mmoja, wa pili kaukunja, na chombo kimekaa juu ya paja. Chombo kilichobuniwa kuwekwa chini ya kiwele cha ng'ombe hakina pa kukaa hapo.

Mifano ya kuigwa ipo. Mazzi, chombo cha lita 10 cha plastiki salama kwa chakula, kilibuniwa na Global Good pamoja na Heifer International, kikatengenezwa Nairobi. Mdomo wake ni mpana, mkono unaingia, na kilijaribiwa na wafugaji kabla ya kuingizwa sokoni. Njia ndiyo hiyo, ingawa kilikusudiwa mfugaji mdogo wa ng'ombe, na safari ya juu ya basi ni jambo jingine. Wanafunzi wetu nao walijaribu kuubana mfuniko wa mkebe kwa pete iliyokatwa kwenye tyubu ya gari. Ulikaza kweli, haukuvuja hata tone, na maziwa yakanuka tairi. Siku hiyo walielewa malighafi kuliko muhula mzima darasani.

Na nyanya zetu walishavuka nusu ya njia. Gorfa ya Waborana, iliyosukwa kwa nyuzi za mizizi, na dhiil ya Wasomali zina mdomo mpana, kifuniko kinachogeuka kikombe, na mikanda ya kufungia. Upungufu wake kwa biashara ya leo ni ujazo tu.

Kwa hiyo tatizo lipo na wateja wapo. Kisichokuwapo ni ajira. Katika ofisi za kaunti na za mashirika, kununua huanza kwa kufungua katalogi, kunakili vipimo na kutangaza tenda, na hakuna mahali katika mlolongo huo ambapo mtu hulipwa kwa kufikiri kabla ya kununua. Nimeziandikia ofisi husika kuhusu jambo hili zaidi ya mara moja. Barua zilipokelewa vizuri na kupigwa muhuri.

Ujuzi wenyewe: kuchora kwa mkono haraka mbele ya mteja, kupima kwa usahihi, kujua tabia za plastiki, bati, mbao na ngozi kwenye joto letu, kutengeneza sampuli ya karatasi ngumu kabla ya kugusa chuma, kuchora kwa kompyuta, kupiga hesabu ya gharama. Na kunyamaza mama anapoeleza. Huo wa mwisho hauna mtihani wa taifa.

Sasa mapendekezo. Mengine nimeshayagusa, lakini katika kumbukumbu za warsha huchapwa mapendekezo peke yake, kwa hiyo nitayarudia.

Kwanza, kaunti iweke nafasi ya mbunifu wa bidhaa katika utumishi wake, hata awe mmoja, chini ya idara ya biashara au ya mifugo. Pili, tenda ya vyombo, mikokoteni au meza za soko isitangazwe kabla sampuli haijatumiwa na wenyewe, masika na kiangazi. Tatu, vyuo vyetu vya ufundi, pamoja na North Eastern National Polytechnic kule Garissa, viingize somo fupi la ubunifu ndani ya uchomeleaji, useremala na ushonaji. Tusingoje shahada kama ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Nne, tangu Januari 2026 wanafunzi wa Gredi ya 10 wamegawanywa kwa mikondo ya masomo. Tusimwambie mtoto kwamba kuchora ni kwa walioshindwa na hesabu, maana kazi hii inataka vyote viwili. Tano, wasichana wapewe kipaumbele: biashara ya maziwa ni ya kina mama, na kuna maswali ambayo mama hamjibu kijana wa kiume.

Sita, vijana wasajili kazi zao katika Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya (KIPI) kabla ya kuzianika mtandaoni. Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 hulinda umbo la bidhaa kwa miaka 5, na ulinzi huongezwa mara mbili hadi 15. Saba, Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazitaka kaunti ziweke rejista; gorfa na dhiil ziandikwe humo kabla hazijafyatuliwa za plastiki na kiwanda cha mbali. Nane, mashirika yaripoti vyombo vinavyotumika mwaka mmoja baadaye, si vilivyogawiwa.

Tisa ni lile la kwanza, na nalirudia kwa kuwa najua litaahirishwa: nafasi ya kazi iwekwe.

Kumi, atakayepewa kazi ya kubuni chombo cha maziwa ya ngamia aandikiwe hivi: mdomo upitishe mkono wa mtu mzima, ubavu uwe bapa, mpini usiwe na uwazi ndani, kifuniko kikazwe kwa kuzungushwa, kitako kikae juu ya paja, vyombo vitupu viingiane, na bei iwe ile ambayo mama akikipoteza chombo ataweza kununua kingine kesho yake.