Udongo wa Kilosa na Uhai wa Baharini



Wapo watu ulimwenguni wafugao matumbawe, kamba, kaa na majongoo ya bahari katika matangi ya kioo yenye maji ya chumvi. Hao wote ni wanyama wasio na uti wa mgongo. Mfugaji huchuja maji daima, kwani tumbawe halihami. Hulishwa na mwani mdogo sana uishio mwilini mwake, na mwani huo hutaka mwanga. Tope likilifunika, hufa.

Jambo hili latuhusu. Mto Mkondoa upitao Kilosa na Mto Mkata upitao Mikumi huingia Mto Wami, nao humwaga maji baharini karibu na Saadani, wavuliwapo kamba. Huko hakuna chujio.

Udongo upoteao ni hasara yetu kwanza. Mto uliojaa mchanga hufurika upesi, na mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010 hatujayasahau.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Makatibu, lifikisheni jambo hili katika mikutano mikuu: ukingo uachwe, makingamaji yachimbwe, nyasi zipandwe.