"Bonge" si Lazima Awe Mlafi
(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari)

Darasani kwenu yupo anayeitwa "bonge"? Mnasema ni ulafi tu, sivyo? Hebu nisikilizeni kidogo.

Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini. Hiyo husafiri kwenye damu hadi kwenye ubongo na kuuarifu kwamba akiba ipo. Wataalamu wa New York waliigundua jeni yake mwaka 1994. Mwaka 1997, madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, binamu, waliozaliwa na hitilafu katika jeni hiyo. Ubongo wao ulidhani wana njaa kila saa. Msichana, mwenye miaka 8, alikuwa na kilo 86! Baadaye alipochomwa sindano za leptini njaa ilitulia, na kwa mwaka mmoja alipungua kilo 16 hivi. Sasa huyo alikuwa mlafi?

Hitilafu hiyo ni nadra sana. Lakini sote tunarithi tofauti ndogondogo nyingi za jeni, na baadhi hugusa hamu ya kula. Ndiyo maana wawili wakila wali sawasawa, mmoja hushiba, mwingine bado anatafuta ukoko.

Basi tukate tamaa? La! Chakula bora, maji badala ya soda, na mazoezi humfaa kila mtu. Ila kumcheka mwenzako hakumpunguzii hata kilo moja. Mwite mkacheze mpira. Na wewe mwenye wasiwasi, usijinyime chakula kwa siri. Kamwone mhudumu wa afya.

Haya, maswali?