Binti si kosa la mama

Wilayani Muleba, kama kwingineko nchini Tanzania, mama aliyejaliwa mabinti watupu bado husemwa kwamba hakuleta mrithi. Sayansi inamtetea. Mayai yake yaliumbwa angali tumboni mwa mama yake, na kila yai hubeba kromosomu X. Mbegu za baba huzalishwa kila siku kwenye korodani; kukomaa huchukua zaidi ya miezi miwili. Takriban nusu hubeba X, nusu Y. Ile inayorutubisha yai ndani ya mrija wa uzazi ndiyo huamua jinsia. Na urithi? Mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory iliyoanzia Muleba, Jaji Mwalusanya alitamka kuwa mwanamke aweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawa na mwanamume. Lawama hizi zikome.